Mgeni Apone, Mwenyeji Afe: Nani Huamua Kwamba Kirusi Kimekufa?

Mchanganyiko mmoja wa virusi vinavyoshambulia bakteria, ukiwekwa chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno kwa muda uleule na kwa nguvu ileile, unaweza kutoa majibu mawili yasiyokaribiana kabisa. Ukivipandikiza virusi hivyo kwenye aina ya kawaida ya Escherichia coli, utahesabu madoa mengi angavu kwenye sahani ya maabara, kila doa likiwa ni alama ya kirusi kimoja kilichofanikiwa kuzaliana na kuwaua bakteria waliokizunguka. Ukivipandikiza kwenye aina nyingine ya bakteria huyohuyo, aliyepoteza jeni moja au mbili tu, madoa yanaweza kupungua mara mia au zaidi, kutegemea kipimo cha mionzi. Virusi ni vilevile na taa ni ileile. Aliyebadilika ni mwenyeji. Taa ile, basi, iliua virusi vingapi?

Naona swali hilo halina jibu mpaka seli itajwe. Tumezoea kuizungumzia mionzi ya urujuanimno kana kwamba kifo cha kirusi hutokea papo hapo, ndani ya kirusi chenyewe, taa inapowaka. Lakini kirusi kilicho nje ya seli hakipumui, hakili na hakijikarabati. Kikipigwa na mionzi hubaki na jeraha lake lilivyo, hakizidiwi wala hakipati nafuu, hadi kikutane na seli. Na ni humo ndani ya seli ambamo hukumu hutolewa. Uhai wa kirusi baada ya mionzi ni sifa ya kirusi na seli kwa pamoja, na yeyote anayeupima kwa kukitazama kirusi peke yake anapima nusu ya jambo.

Jeraha lenyewe linafahamika vizuri. Mionzi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, ile inayotolewa na taa za zebaki zinazotumika kuua vijidudu, hufyonzwa kwa wingi na DNA. Nishati yake huziunganisha herufi mbili zinazopakana katika uzi mmoja, hasa thimini mbili, kwa vifungo ambavyo havikupaswa kuwapo. Mwaka 1960 watafiti wawili wa Uholanzi, Beukers na Berends, walivitambua vifungo hivyo katika thimini iliyogandishwa na kumulikwa. Kifungo cha namna hii hakiukati uzi wa DNA, ila hulipinda umbo lake, na kimeng'enya kinachonakili DNA kikifika hapo hukwama. Kwa sababu hiyo kirusi kilichopata kipimo cha wastani cha mionzi huwa bado na ganda zima la protini, mkia mzima na uwezo kamili wa kujibandika kwa bakteria na kumdunga DNA yake. Kinachokosekana ni uwezo wa DNA hiyo kunakiliwa. Laiti mionzi ingelivunja ganda, makala haya yasingekuwa na la kusema. Mgeni asingefika mlangoni. Lakini hufika, huingia, na akishaingia hukuta nyumba yenye mafundi.

Wanasayansi waligundua jambo hili kwa vipande, na kwa miaka kadhaa vipande hivyo havikuonekana kuwa vya kisa kimoja. Salvador Luria, Mwitaliano aliyekimbilia Marekani wakati wa vita, alikuwa Chuo Kikuu cha Indiana mjini Bloomington alipoonyesha mwaka 1947 kwamba virusi vya bakteria vilivyokwisha kuhesabiwa kuwa vimekufa vinaweza kutoa kizazi hai iwapo viwili au zaidi vitaingia ndani ya bakteria mmoja. Alidhani kwamba kirusi kimeundwa kwa sehemu zinazojitegemea, na kwamba sehemu nzima za huyu huziba mapengo ya yule. Nadharia hiyo ya sehemu huru haikudumu, lakini jambo aliloliona lilidumu: virusi viwili vilivyojeruhiwa mahali tofauti vinaweza kubadilishana vipande vya DNA ndani ya seli na kupata nakala moja iliyo nzima.

Katika maabara hiyohiyo, Renato Dulbecco alikuwa akirudia majaribio ya aina hii alipogundua kwamba sahani zilizopaswa kuwa na idadi sawa ya madoa zilitofautiana. Zilikuwa zimepangwa moja juu ya nyingine mezani, chini ya taa ya tyubu, na zile za juu zilikuwa na madoa mengi kuliko za chini. Habari za ugunduzi wa Albert Kelner zilikuwa zimeshamfikia Luria wakati huo. Kelner, aliyekuwa katika maabara ya Cold Spring Harbor nchini Marekani, alikuwa akichunguza vijimbegu vya bakteria Streptomyces griseus vilivyochomwa kwa mionzi, na baada ya kuhangaika na joto kwa muda mrefu kama sababu ya matokeo yake yaliyokuwa yakiyumba, alibaini kwamba mwanga wa kawaida ndio uliokuwa ukiviponya. Taarifa zao zote mbili zilichapishwa mwaka 1949.

Umuhimu wa kazi ya Dulbecco, kwa maoni yangu, haumo katika taa ya tyubu, ingawa kisa hicho ndicho kinachosimuliwa zaidi. Umo katika jaribio lililofuata. Alipovimulika kwa mwanga virusi vilivyojeruhiwa vikiwa peke yake katika maji, hakuna kilichotokea. Alipovimulika baada ya kujibandika kwa bakteria, vilipona. Mwanga peke yake haukuwa dawa. Ulihitaji kitu kilichokuwa ndani ya bakteria. Kitu hicho leo twakijua kuwa kimeng'enya kiitwacho fotoliasi, ambacho hujibandika kwenye kifungo cha thimini, hufyonza mwanga wa buluu au ule unaokaribia urujuanimno, na kwa nishati hiyo huvunja kifungo na kuziachia herufi mbili zirudi zilivyokuwa. Hakikati uzi wala hakiondoi kitu. E. coli huwa na molekuli chache sana za kimeng'enya hiki, takriban 10 hadi 20 kwa seli, na bado zinatosha kubadilisha hatima ya kirusi.

Kulikuwa pia na uponyaji usiohitaji mwanga, na huo ulichukua muda mrefu zaidi kueleweka. Mwaka 1955 Alan Garen na Norton Zinder walifanya kazi na kirusi P22 na mwenyeji wake Salmonella, wakaona kwamba bakteria aliyechomwa vikali kwa mionzi kabla ya kuvamiwa hupoteza uwezo fulani wa kukifaa kirusi kilichojeruhiwa. Tafsiri yao ilikuwa kwamba kirusi hubadilisha vipande vyake vilivyoharibika kwa vipande vinavyofanana navyo kutoka kwenye kromosomu ya bakteria. Ilikuwa tafsiri ya busara kwa wakati ule, na haikuwa sahihi. Kirusi hakikuwa kikikopa vipande vya DNA. Kilikuwa kikifaidi kazi ya mafundi.

Ushahidi ulikuja kupitia bakteria walio dhaifu. Mwaka 1958 Ruth Hill alieleza aina ya E. coli, aliyoiita Bs-1, iliyokufa kwa kipimo kidogo mno cha mionzi, na miaka miwili baadaye yeye na wenzake walionyesha kwamba virusi kama T1, T3 na T7, vikichomwa kwa mionzi, huonekana dhaifu zaidi vinapopimwa ndani ya Bs-1 kuliko ndani ya bakteria wa kawaida. Udhaifu wa mwenyeji na udhaifu wa kirusi vilikwenda sambamba. Paul Howard-Flanders wa Chuo Kikuu cha Yale aliugeuza uhusiano huo kuwa mtego. Alihitaji bakteria walioshindwa kukarabati DNA, nao ni wachache mno kati ya mamilioni walio wazima. Yeye na mwenzake waliwachanganya bakteria na virusi vya T1 vilivyokwisha kujeruhiwa kwa mionzi. Bakteria aliyekuwa na ukarabati mzuri alikiponya kirusi kilichomwingia, na kirusi kilichopona kikamuua. Bakteria asiye na ukarabati hakukiponya kitu. Kirusi kilibaki kimekwama ndani, na ukoo wake ukakua bila kudhurika.

Nasita hapo kwa makusudi, kwa sababu jaribio hilo la 1962 linasema zaidi kuliko lilivyokusudiwa kusema. Lilibuniwa kama njia ya kuchuja, lakini kwa hakika ni hukumu: katika mazingira yale mahususi, penye virusi vilivyojeruhiwa na pasipo mionzi juu ya bakteria wenyewe, uwezo wa kukarabati ni sababu ya kufa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni ndiye anayepona, na mwenyeji hulipia uponyaji huo kwa uhai wake.

Kutokana na bakteria walionaswa kwa mtego huo na jamaa zao, jeni tatu zilitambulika, uvrA, uvrB na uvrC, na mwaka 1964 makundi ya Yale, Oak Ridge na Stanford yakaonyesha kwa njia tofauti kwamba seli huukata uzi ulioharibika, hukitoa kipande na kulijaza pengo. Aziz Sancar baadaye aliifafanua kazi hiyo kwa undani, na mwaka 2015 akagawana Tuzo ya Nobel ya kemia na Tomas Lindahl na Paul Modrich. Protini ya UvrA ikishirikiana na UvrB huipitia DNA ikitafuta mahali palipopinda. UvrA huondoka, UvrB hubaki. UvrC huja na kukata pande zote mbili za jeraha. Kipande cha nukleotidi, yaani herufi za DNA, 12 au 13 hung'olewa. Kimeng'enya kingine hujaza pengo kwa kuusoma uzi wa pili ulio mzima, na cha mwisho hufunga mshono.

Jambo la kuzingatia katika mlolongo huo ni kile ambacho hakimo. Hakuna hatua inayouliza DNA hii ni ya nani. UvrA haisomi ujumbe, hupapasa umbo. Ni kama fundi cherehani anayeshona kila nguo iliyochanika inayowekwa mezani kwake bila kumtazama aliyeileta. Ndiyo maana sikubaliani na simulizi za kisayansi zinazomweleza bakteria kana kwamba anakihudumia kirusi, wala zile zinazokieleza kirusi kana kwamba kimemlaghai. Katika ukarabati huu wa kukata na kujaza, kirusi cha aina ya T1 hakifanyi hila yoyote. Kinafaidika kwa sababu kina DNA ya nyuzi mbili kama ya mwenyeji wake, na majeraha ya urujuanimno hufanana popote yalipo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi bakteria hawajajifunza kubagua. Wanazo kinga zinazobagua barabara: vimeng'enya vinavyokata DNA isiyo na alama ya wenyeji, na mifumo ya CRISPR inayokumbuka vipande vya virusi vilivyopita. Hata miongoni mwa mafundi wenyewe yupo mmoja anayebagua. Kimeng'enya cha RecBCD, ambacho ni muhimu katika kuunganisha nyuzi zilizokatika, huitafuna DNA inayoanzia kwenye ncha iliyo wazi mpaka kikutane na alama fupi iitwayo Chi, na alama hizo zimejaa katika kromosomu ya E. coli lakini ni haba katika virusi vingi. Kirusi cha lamda, kimojawapo cha virusi vya E. coli, huja na protini maalumu ya kukizuia kimeng'enya hicho. Kwa hiyo ubaguzi unawezekana pale penye ncha za kuanzia. Kwa jeraha la urujuanimno, lililo katikati ya uzi usiokatika, kusubiri alama kungekuwa hatari: jeraha linaweza kuangukia popote katika kromosomu, na kila mahali palipokosa alama jirani pangebaki bila kukarabatiwa.

Gharama ya kukosea upande huo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Bakteria wa kawaida huvumilia maelfu ya vifungo vya thimini katika kromosomu yake, ilhali Howard-Flanders na mtafiti mwenzake Boyce walikadiria katikati ya miaka ya 1960 kwamba bakteria aliyekosa kwa pamoja uwezo wa kukata majeraha na uwezo wa kuunganisha DNA kwa njia ya protini iitwayo RecA huuawa na kifungo kimoja au viwili tu. Jua huchomoza kila siku. Kirusi kilichojeruhiwa huja mara moja moja. Kwa ukoo unaoishi juani, hesabu hiyo si ngumu. Ingekuwa heri kwa ndugu zake kama seli iliyokwisha kuvamiwa ingesitisha ukarabati na kufa na mgeni wake, na kweli kuna bakteria wenye mifumo ya kujiua inayofanana na hivyo, lakini mifumo hiyo huamshwa na dalili za uvamizi na si kwa kuvizima vimeng'enya vya ukarabati.

Lipo tawi la kisa hiki ambalo haliwezi kuelezwa kwa picha ya fundi mtulivu. Jean Weigle, mwanafizikia wa Geneva aliyehamia chuo cha Caltech nchini Marekani na kugeukia virusi, aliripoti mwaka 1953 jambo lililoonekana kinyume cha akili. Alikichoma kirusi cha lamda kwa mionzi, kisha akakipima katika bakteria wa aina mbili: waliokuwa hawajaguswa na waliokuwa wamechomwa kidogo nao pia. Virusi vilivyopona vilikuwa vingi zaidi ndani ya bakteria waliochomwa. Tena, miongoni mwa virusi vilivyopona vilikuwamo vingi vyenye mabadiliko ya kurithi. Mwenyeji aliyejeruhiwa alikuwa daktari bora, lakini daktari mwenye makosa.

Maelezo yalikuja katika miaka ya 1960 na 1970, hasa kutokana na kazi za Evelyn Witkin na Miroslav Radman. DNA ya bakteria inapojeruhiwa, protini ya RecA hujipanga juu ya nyuzi zilizobaki wazi na kuifanya LexA ijikate yenyewe. LexA ndiyo huzizuia jeni za dharura, hivyo ikiondoka makumi ya jeni huamka. Nyingine huongeza idadi ya vimeng'enya vya kukata na kujaza, na hilo ni msaada safi kwa kirusi kitakachoingia wakati huo. Nyingine, umuD na umuC, huunda kinakilishi cha DNA ambacho mwaka 1999 kilithibitishwa kuwa polimerasi ya tano ya bakteria huyu, chenye uwezo wa kuendelea kunakili juu ya kifungo cha thimini kwa kuweka herufi bila uhakika. Kirusi kinachopita mikononi mwake hakirudi kama kilivyokuwa.

Hili naliona kuwa zito kuliko idadi ya virusi vilivyopona. Ukarabati wa mwanga na ule wa kukata na kujaza hukirudisha kirusi kwenye hali yake ya awali. Mwitiko wa dharura hurudisha kitu kingine. Katika mazingira halisi mwenyeji na mgeni wako chini ya jua moja, kwa hiyo mara nyingi kirusi kilichojeruhiwa kitaingia katika seli ambayo nayo imekwisha kujeruhiwa na kuwasha dharura yake. Anayetumia mionzi dhaifu isiyomaliza kazi hapunguzi tu idadi ya virusi. Anaweza pia kuwa anatengeneza mazingira ambamo vilivyobaki hubadilika haraka zaidi. Na kuna virusi ambavyo havikuja kutoka nje kabisa. Mwaka 1950, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, André Lwoff na wenzake walionyesha kwamba bakteria aliyebeba kirusi kilicholala ndani ya kromosomu yake hupasuka na kutoa virusi vingi akimulikwa kwa urujuanimno. Protini inayokilaza kirusi cha lamda imeumbwa kwa mfano unaofanana na LexA, na RecA iliyoamshwa huifanya nayo ijikate. Hapo ndipo neno hila linapostahili: kirusi kimejifunza kusikiliza kengele ya hatari ya mwenyeji na kuondoka.

Ikiwa wenyeji wana mafundi wazuri hivyo, mbona baadhi ya virusi husafiri na fundi wao? Mfano maarufu ni T4. Luria aliona mapema kwamba T4 huvumilia urujuanimno takriban mara mbili ya jamaa yake T2, na baadaye tofauti hiyo ikafuatiliwa hadi kwenye jeni moja, denV, inayotengeneza kimeng'enya kidogo cha kukata DNA penye kifungo cha thimini. Ndani ya Bs-1, T4 haipati hasara kubwa inayoipata T1. Kirusi cha mwani wa Chlorella kiitwacho PBCV-1 kina kimeng'enya cha ukoo huohuo. Kirusi cha ndui ya kuku, ugonjwa unaojulikana na kila mfugaji wa Afrika Mashariki, kimebeba fotoliasi yake chenyewe.

Nadhani jibu limo katika makazi ya kila kirusi. T4 huivunja DNA ya mwenyeji na kuzizima jeni zake dakika chache baada ya kuingia, na DNA yake yenyewe imevikwa sukari, hivyo haiwezi kutegemea karakana inayoibomoa. Virusi vya ndui huzaliana nje ya kiini cha seli, mbali na mahali ukarabati wa DNA ya kiini unapofanyika, tena husambaa kupitia magamba makavu ya ngozi ambayo jua huyapata moja kwa moja. Kinachomfikia fundi wa mwenyeji huacha kumbeba wake, kisichomfikia hubeba. Kimeng'enya cha T4 kimekwisha kuvuka mpaka na kuwafaa binadamu pia: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, wagonjwa wa xeroderma pigmentosum, ambao seli zao zina kasoro ya kurithi katika kukarabati majeraha ya jua, walipakwa losheni yenye kimeng'enya hicho na madoa mapya ya awali ya saratani ya ngozi yakapungua.

Vipo pia virusi visivyoweza kusaidiwa kwa njia ya kukata na kujaza. Kirusi cha φX174 kina uzi mmoja tu wa DNA ndani ya ganda lake, na pasipo uzi wa pili hakuna cha kusomwa wakati wa kulijaza pengo. Ndiyo sababu hufa kwa kipimo kidogo. Virusi vya RNA, ambavyo ujumbe wao wa kurithi hauko katika DNA, navyo haviingii katika karakana hiyo.

Baharini, mambo haya yanahama kutoka udadisi wa maabara na kuwa sehemu ya uchumi wa uhai. Tangu mwaka 1989 inajulikana kwamba mililita moja ya maji ya bahari inaweza kuwa na virusi vipatavyo milioni 10, wengi wa wenyeji wao wakiwa bakteria. Curtis Suttle na Feng Chen walionyesha mwaka 1992 kwamba jua ndilo huviondolea virusi hivyo uwezo wa kuambukiza kwa kasi kuliko sababu nyingine juu ya maji. Lakini ganda la kirusi hudumu kuliko uwezo wake wa kuambukiza, kwa hiyo mtu angetarajia uso wa bahari uwe umejaa mizoga mitupu. Markus Weinbauer, Steven Wilhelm, Suttle na wenzao, wakifanya kazi katika Ghuba ya Mexico miaka ya 1990, walikuta sivyo: sehemu kubwa ya virusi vilivyojeruhiwa na jua hurudishiwa uwezo ndani ya wenyeji, hasa kwa ukarabati wa mwanga. Jua linalojeruhi kwa mionzi yake mifupi ndilo linaloendesha fotoliasi kwa mwanga wake wa buluu. Bila ukarabati huu, hesabu za ni bakteria wangapi wa baharini huuawa na virusi kila siku, na kiasi gani cha kaboni hurudi majini kutokana na seli zilizopasuka, zingekuwa tofauti kabisa.

Turudi nchi kavu, kwenye maji ya kunywa, ambako ndiko kosa la kuisahau seli ya mwenyeji huwa na gharama ya fedha na afya. Viwango vya Ujerumani na Austria huitaka mitambo ya urujuanimno itoe milijuli 40 kwa kila sentimita mraba. Shirika la mazingira la Marekani, katika kanuni zake za mwaka 2006, liliamua kwamba kupunguza vimelea vya Cryptosporidium mara 10,000 kunahitaji milijuli 22, lakini kupunguza virusi kwa kiwango hichohicho kunahitaji 186. Chanzo cha pengo hilo ni adenovirusi, kundi ambalo aina zake za 40 na 41 huwaharisha watoto. Adenovirusi ina DNA ya nyuzi mbili, huingia ndani ya kiini cha seli ya binadamu na kukarabatiwa humo na mfumo wetu wa kukata na kujaza, ambao ni tofauti kwa protini zake lakini sawa kwa mantiki na ule wa E. coli. Ikichomwa na kupimwa katika seli za wagonjwa wa xeroderma pigmentosum, huonekana dhaifu zaidi. Ni jaribio la Ruth Hill katika vazi la binadamu.

Hapa ndipo nina malalamiko yangu. Mitambo hujaribiwa mara nyingi kwa kirusi cha MS2, ambacho ni salama, rahisi kukuzwa na chenye matokeo yanayorudiwa bila matata. Lakini MS2 ni kirusi cha RNA. Kinatuambia taa imetoa mionzi kiasi gani na hakituambii lolote juu ya ukarabati. Tarakimu inayopatikana kwake ni halali kama kipimo cha taa. Ikitangazwa kama ahadi juu ya virusi kwa ujumla, inavuka mipaka yake. Vivyo hivyo, taarifa ya maabara inayosema kirusi fulani cha DNA kimepungua kwa kiasi fulani inapaswa kutaja kilipimwa katika seli gani, yenye ukarabati au isiyo nao, na kama sahani ziliwekwa gizani, chini ya taa ya manjano au karibu na dirisha. Dulbecco alilijua hilo kwa sahani zilizorundikwa mezani, na bado vijitabu vingi vya mauzo havina mstari huo.

Tahadhari hii isichanganywe na njia ya kuweka maji juani katika chupa za plastiki, ambayo Ronán Conroy na wenzake waliijaribu miongoni mwa watoto wa Kimaasai nchini Kenya, na matokeo yao ya 1996 na 1999 yakaonyesha kuhara kunapungua. Plastiki ya chupa hizo huzuia sehemu kubwa ya mionzi mifupi inayofunga thimini. Kinachofanya kazi zaidi ni mionzi mirefu inayozalisha kemikali za oksijeni zinazounguza, pamoja na joto. Majeraha hayo hugusa protini na si DNA peke yake, na rotavirusi, adui mkubwa wa matumbo ya watoto, ni kirusi cha RNA. Hoja ya ukarabati inabaki kwa adenovirusi na jamaa zake.

Na kwa hao dawa ipo bila kulazimika kuzidisha tu muda chini ya taa ileile. Taa za zebaki zenye mgandamizo wa kati hutoa mionzi ya mawimbi mengi, pamoja na yale yaliyo chini ya nanomita 240 ambayo huziharibu protini za ganda, na adenovirusi huangushwa nazo kwa kipimo kidogo kuliko kwa taa za nanomita 254. Klorini ya kawaida, kwa kipimo kinachotumika katika maji ya mabomba, huimaliza upesi. Njia zote mbili zina jambo moja ambalo taa ya nanomita 254 haina: huharibu kile ambacho seli haiwezi kukikarabati, kwa sababu mafundi wa seli hukarabati DNA, si ganda la kirusi.